Kufufua Cherehani ya Miguu Iliyoshikwa na Kutu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Magomeni na Ilala hadi Kigamboni, ipo cherehani ya miguu iliyosukumwa stoo au kwenye kona ya ua, gurudumu lake haligeuki, vyuma vyake vimekuwa na rangi ya udongo mwekundu, na meza yake imebaki kuwekewa ndoo. Nyingi kati ya cherehani hizo bado ni nzima. Kichwa chake ni cha chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa katika kalibu, kilicho kinene, na mihimili, pini na ndoano zake za ndani (zinazonasa uzi chini ya sindano) ni za chuma cha pua kilichochongwa kwa ustadi, kwa hiyo kutu inayoonekana kwa nje mara nyingi haijafika mahali ambapo kazi ya kushona hufanyika. Kinachoziharibu moja kwa moja ni matengenezo ya pupa: nyundo, msasa mkavu, tindikali kali na rangi ya kupuliza inayofunika kila kitu pamoja na matundu ya mafuta. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuondoa kutu bila kuondoa chuma chenyewe, na namna ya kuifanya cherehani ishone tena huku ikibaki na sura iliyotoka nayo kiwandani.

Kazi yote hufanyika barazani au uani, kwa vifaa vya kawaida, na haihitaji umeme isipokuwa kwa mashine ya kukaushia nywele na kwa njia moja nitakayoieleza. Inahitaji siku nyingi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kusubiri mafuta yapenye.

Uchunguzi wa kwanza

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, ipigwe picha kutoka kila upande, pamoja na upande wa chini. Simu ya kawaida inatosha. Picha hizo ndizo zitakazokuongoza siku ya kuunganisha, hasa kuhusu springi ndogo ya kidhibiti cha uzi na vipande vya gurudumu la mkono, ambavyo huonekana kuingia kwa namna mbili ilhali namna sahihi ni moja.

Tafuta nambari iliyogongwa kwenye kitako cha kichwa. Kama cherehani ni Singer yenye herufi moja au mbili kabla ya tarakimu, basi ni ya karne ya 20, na nyingi zilizofika Afrika Mashariki zilitoka katika kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Kama ni Butterfly ya kutoka Shanghai, yaelekea imejengwa kwa kufuata muundo wa Singer ya daraja la 15, na hiyo ni habari njema, kwa kuwa bobini, vikombe vya bobini na sindano za muundo huo bado vinauzwa Kariakoo kwa wingi. Ikiwa kichwa kina shatoli (kibebea uzi wa chini) ndefu yenye umbo la mtumbwi, ujue mapema kwamba vipuri vyake ni vya kutafutwa kwa subira, na usiinunue ikiwa shatoli hiyo haipo.

Angalia nyufa kwenye miguu ya chuma na kwenye kanyagio. Chuma cha kusubu hakipindi, hukatika. Fundi wa kuchomelea milango ya geti akikichomelea kwa vijiti vyake vya kila siku, mara nyingi ufa hurudi kandokando ya mchomeleo, kwa sababu chuma hicho huhitaji kupashwa moto kwanza, kuchomelewa kwa vijiti vyenye nikeli au kuungwa kwa shaba nyeupe, kisha kuachwa kipoe polepole. Huko Gerezani, Dar es Salaam, wapo mafundi wanaoijua kazi hiyo. Ulizia kwanza kama mtu amewahi kuunga chuma cha kusubu, na akijibu kwamba chuma chote ni kimoja, mshukuru na uendelee kutafuta.

Kulegeza kilichoganda

Gurudumu lisipogeuka, watu wengi hudhani kutu imeingia ndani. Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni mafuta yaliyokauka. Mafuta ya kupikia, ambayo wengi huyatia cherehani pale mafuta yake yanapoisha, hubadilika hewani na kuwa utando mgumu wa rangi ya kahawia unaogundisha pini kama gundi. Utando huo unaweza kuyeyushwa na vyuma vikatoka vizima kabisa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutokata tamaa mapema.

Fungua kifuniko cha ubavuni, bamba la sindano na kifuniko cha nyuma, kisha ondoa kwa brashi na kijiti pamba yote iliyojazana chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Pamba hiyo hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Baadaye weka matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinapozunguka ndani ya chuma kingine, na usubiri hadi siku ya pili. Rudia kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mepesi ya cherehani, nusu kwa nusu. Kazi hii isifanywe karibu na jiko la mkaa wala mahali mtu anapovuta sigara, na matambara yaliyolowa yasikusanywe ndani ya nyumba.

Kila siku shika gurudumu la mkono na ulitikise kidogo, mbele na nyuma, kwa nguvu ya mkono peke yake. Likisogea hata kwa upana wa kucha, lirudishe lilipotoka, ongeza mafuta, na uache. Kulilazimisha kwa spana ndefu au kwa bomba kunaweza kuvunja pini ambayo hakuna duka linaloiuza. Mahali palipokataa kabisa pashwe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, baada ya kuyafuta mafuta ya taa yaliyo juu na kuyaacha yakauke, kisha patiwe mafuta tena pakiwa bado na uvuguvugu, kwa kuwa chuma kikipoa huyavuta mafuta kuelekea ndani.

Skrubu zina hadithi yake. Mifereji ya skrubu za cherehani za zamani ni myembamba na yenye kina, na bisibisi ya kawaida iliyochongoka kama kabari huingia nusu tu, ikateleza na kuumega mdomo wa skrubu. Chukua bisibisi ya bei nafuu, uinoe kwa tupa mpaka ncha yake iwe bapa na ijaze mfereji wote, kwa upana na kwa kina. Nusu saa ya kunoa bisibisi huokoa skrubu zote, na ni lazima ziokolewe, kwa sababu nyuzi za skrubu hizo ni za kiwanda chenyewe na hazilingani na skrubu zinazouzwa kwa vipimo vya milimita. Skrubu isiyo yake ikiingizwa kwa nguvu huharibu tundu kwenye kichwa, na hapo hasara inakuwa kubwa.

Kutu yenyewe

Kutu ya juujuu, ile ya vumbi jekundu, huondoka kwa mafuta na stilwaya laini. Paka mafuta ya cherehani, acha yakae, sugua taratibu kwa kufuata upande mmoja, futa kwa kitambaa cheupe na utazame. Kitambaa kikiendelea kutoka chekundu, rudia. Kwa sehemu kubwa ya gurudumu la mkono, mhimili wa sindano na mguu unaokandamiza kitambaa, njia hii inatosha, na sioni sababu ya kukimbilia tindikali mahali ambapo mafuta yanaiweza kazi.

Kutu iliyojenga magamba inahitaji kulowekwa. Siki ya dukani, yenye asidi ya takriban asilimia 5, hufanya kazi vizuri kwa vipande vidogo vya chuma kitupu kama vile skrubu, bawaba za meza na bamba lisilo na nikeli. Maji ya ndimu au ukwaju hufanya kazi ileile, na mabibi wa pwani waliyatumia kung'arisha vyombo vya shaba muda mrefu kabla ya dawa za kopo. Vipande vilowe kwa saa kadhaa, hadi usiku mmoja ikihitajika, huku ukivitoa mara kwa mara na kuvisugua kwa mswaki wa zamani. Asidi haijui mahali kutu inapoishia na chuma kinapoanza, kwa hiyo kipande kilichosahauliwa ndani ya siki kwa wiki nzima hutoka kimekuwa cheusi na chenye vishimo.

Yapo mambo manne ambayo hayafai kuingizwa ndani ya siki. Springi na sindano hazifai, kwa sababu chuma kigumu kikikaa ndani ya asidi hunyonya haidrojeni na baadaye hukatika ghafla. Vipande vilivyopakwa nikeli havifai, kwa kuwa asidi hupenya kwenye mikwaruzo na kubandua ng'aro yote. Shaba isilowekwe pamoja na chuma, kwani shaba huyeyuka kidogo na kuganda juu ya chuma kwa rangi ya waridi. Na kichwa chenyewe, pamoja na rangi yake nyeusi, hakiingizwi kabisa.

Baada ya kulowekwa, vipande vioshwe kwa maji yenye magadi ili asidi yote ife, visuuzwe, na vikaushwe papo hapo kwa kitambaa na kwa joto la jua kali au mashine ya nywele, kisha vipakwe mafuta vikiwa bado na joto. Hapa Dar es Salaam hatua hiyo haingoji chai. Hewa yetu ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na katika maeneo ya pwani kama Msasani, Kunduchi na Kigamboni imebeba chumvi ya bahari, ambayo hufanya maji yaliyo juu ya chuma yapitishe umeme kwa urahisi na kuiharakisha kutu. Chuma kilichotoka kwenye siki kikiachwa kitupu hupata wekundu mpya mbele ya macho yako.

Kwa miguu ya chuma yenye mapambo mengi na kutu iliyojificha kwenye kona, njia iliyo bora kuliko zote ni ya umeme. Chukua pipa la plastiki, maji, na magadi kiasi cha kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4 za maji. Ndani yake tumbukiza vyuma chakavu vya kawaida pembeni na kipande chako katikati, visigusane. Chaja ya betri ya gari ya volti 12, ile ya kizamani yenye transfoma, ifungwe waya wake hasi kwenye kipande chenye kutu na waya wake chanya kwenye chuma chakavu, kisha ndipo iwashwe. Mapovu huanza kupanda, kutu hulainika na kuwa ukoko mweusi unaotoka kwa brashi, na chuma kizima hakiliwi, tofauti na ilivyo kwa asidi. Mapovu hayo yana haidrojeni, nayo hulipuka, kwa hiyo pipa likae nje penye upepo, mbali na moto, na chaja izimwe kabla ya kugusa chochote. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa maana maji yake hupata kemikali za kromu zenye sumu. Alumini isiingizwe kabisa, kwa kuwa magadi yataila. Rangi ya zamani nayo hutoka humo, kwa hiyo njia hii ni ya miguu utakayoipaka rangi upya tu.

Iwapo miguu ilikwisha pakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, kama ilivyo kawaida, usiikwangue ikiwa kavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, na uwaondoe watoto uani mpaka utakapokwisha kuosha sakafu.

Kichwa cheusi na mapambo ya dhahabu

Uzuri wa cherehani hizi uko kwenye ile rangi nyeusi inayong'aa na maua ya dhahabu juu yake, na ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa lami na vanishi, ikaokwa tanurini. Mapambo yalibandikwa juu yake na kufunikwa kwa tabaka jembamba, ambalo kwenye mashine nyingi ni shelaki, aina ya vanishi ya asili. Shelaki huyeyuka kwa spiriti. Mtu akichukua kitambaa chenye spiriti au thina ili apate usafi wa haraka, maua yote hubaki kwenye kitambaa.

Tumia mafuta ya cherehani na pamba laini tu. Paka, acha kwa saa moja, zungusha pamba bila kukandamiza, badilisha pamba kila inapokuwa chafu, na uendelee kwa siku kadhaa. Maji ya sabuni yasitumike mahali rangi imepasuka, kwa kuwa maji huingia chini ya ufa na kuanzisha kutu mpya usiyoiona. Palipobanduka hadi chumani, ondoa kutu kwa ncha ya kijiti kilichofungwa stilwaya, futa mafuta ya mahali hapo tu, kisha jaza kwa rangi nyeusi kidogo kwa brashi ya kuchorea. Sishauri hata kidogo kupaka kichwa kizima rangi mpya. Kichwa chenye makovu na maua yake nusu kina thamani kubwa zaidi, kwa macho na kwa mnunuzi, kuliko kilichofunikwa kwa rangi ya kopo.

Njia ya uzi

Hapa ndipo cherehani nyingi zilizosafishwa vizuri hushindwa kushona. Doa la kutu lisiloonekana kwenye kisahani cha kidhibiti cha uzi, kwenye tundu la bamba la sindano au kwenye ukingo wa ndoano hukata uzi kila baada ya mishono michache, na mwenye mashine hulaumu uzi. Pitisha uzi mwembamba mahali pote uzi unapopita, ukiuvuta mbele na nyuma. Palipokwaruza pasuguliwe kwa msasa namba 1000, kisha 2000, ukiwa na mafuta, na mwisho kwa dawa ya kung'arishia shaba. Ncha ya ndoano isiguswe na msasa kabisa, kwa kuwa nafasi iliyopo kati yake na sindano ni ndogo kuliko unene wa karatasi nyingi, na ikipungua urefu mashine itaruka mishono daima.

Weka sindano mpya. Upande wake ulio bapa huelekezwa ndoano iliko, na uzi huingia kutoka upande wenye mfereji mrefu. Kanuni hii haibadiliki hata kama hujui muundo wa mashine. Kwa khanga na vitambaa vya kawaida vya pamba, namba 90/14 inafaa. Mashine ikiruka mishono na sindano mpya, geuza gurudumu kwa mkono polepole: sindano ishuke hadi mwisho, ianze kupanda, na ikiwa imepanda kwa takriban milimita 2 na nusu, ncha ya ndoano iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu la uzi. Isipokuwa hivyo, yaelekea mtu aliwahi kulegeza skrubu ya mhimili wa sindano, na marekebisho ni kuupandisha au kuushusha kwa kiasi kidogo sana.

Gurudumu la mkono likirudishwa na likakataa kuachia mhimili wakati wa kujaza bobini, toa ile washa yenye vijino vitatu iliyo chini ya skrubu kubwa, uizungushe nusu mzunguko, uifunge tena.

Mbao

Meza nyingi za asili zina juu yake ubao mwembamba uliobandikwa, usiofika hata milimita moja, kwa hiyo mashine ya msasa ya umeme huupenya kwa dakika chache. Tumia msasa wa mkono namba 180, kisha 240, kwa kufuata nyuzi za mbao. Palipobanduka patiwe gundi nyeupe ya mbao kwa kisu chembamba na pakandamizwe usiku kucha. Ikiwa mchwa wamekwisha kula meza, mafundi wa Keko watakukatia nyingine ya mninga au mvule kwa kipimo cha ile ya zamani. Wapelekee meza yenyewe, si vipimo vya mdomo, kwa sababu tundu la kichwa na nafasi za bawaba zikikosea kidogo kichwa hakitalala.

Mafuta ya kitani huupa mninga rangi ya kupendeza, ila matambara yaliyotumika kuyapaka yanaweza kuwaka moto yenyewe yakikunjwa na kurundikwa, kwa kuwa mafuta hayo hutoa joto yanapokauka. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, ndipo yatupwe.

Mkanda, majaribio na utunzaji

Mkanda wa ngozi hununuliwa ukiwa mrefu na kukatwa kwa kipimo. Ufunge kwa kibanio chake cha waya ukiwa umekaza kiasi cha kutoteleza tu. Ukikazwa kupita kiasi kanyagio huwa zito na mashine hulia. Tia grisi kidogo kwenye ncha mbili zinazobeba gurudumu kubwa la chini, na tone la mafuta kwenye kiungo cha kanyagio. Kanyaga bila uzi kwanza, kwa dakika kumi, huku mguu wa kukandamiza ukiwa umeinuliwa. Mafuta yatakayotoka yatakuwa ya kahawia. Futa, ongeza, kanyaga tena mpaka yatoke safi.

Jaribu mshono kwenye vipande viwili vya marikani, uzi wa juu rangi moja na wa bobini rangi nyingine. Fundo likionekana juu, legeza kidhibiti cha juu. Likionekana chini, kikaze, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Skrubu ya kikombe cha bobini iguswe mwisho kabisa, baada ya ile ya juu kushindwa.

Cherehani isifunikwe kwa nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani, na katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, kichwa kilichofunikwa hivyo hurudi kwenye kutu hata kikiwa sebuleni. Kitambaa cha pamba kinafaa zaidi. Isiegemezwe kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua, na walau mara moja kwa mwezi itiwe mafuta na kukanyagwa, iwe kuna nguo ya kushona au hakuna, ili mafuta yasambae upya kwenye pini zote.